Kofia ya Kumi

Gereji nzima ilimwita Msasa, na jina hilo lilimkaa kama ngozi. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi magari, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi karibu na kutu bila kuisugua. Wenzake walisema hata msibani, ukimpa Msasa kiti chenye kutu, maiti haitatoka ndani kabla kiti hakijang'aa. Naye alicheka pamoja nao. Ya moyoni hakuwaambia.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba chenye rafu za mbao, na juu ya rafu zile kofia za chuma za kijeshi, thelathini na kitu, zote za vita ile ya mpakani iliyokwisha miaka thelathini na moja iliyopita. Mkewe alikiita chumba cha vichwa. "Wenzio wanafuga njiwa," alimwambia siku moja, "wewe unafuga marehemu." Alisema kwa utani, lakini kufagia humo alikataa katakata.

Za kijani tupu hazikumshughulisha. Alizitaka za mabaka, zilizopakwa kijani, hudhurungi na kijivu ili askari akilala majanini asionekane. Jeshi lilizitoa zikiwa na rangi moja, tena inayong'aa. Mabaka kila kikosi kilijipakia chenyewe, wengine kwa brashi, wengine kwa tambara, wengine kwa matope na oili chafu. Kwa hiyo kila kofia ilikuwa na mkono wa mtu, na Msasa aliusoma mkono huo kama karani asomavyo barua. Hapa mtu alikuwa na haraka. Hapa brashi ilikuwa imenyonyoka. Hapa kijani kilikuwa kinakwisha wakakizimua.

Mkono alioutafuta ulikuwa mmoja tu, wa kaka yake.

Baba yao aliwafundisha wote wawili kazi katika gereji ileile, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba rangi hujaribiwa pale asipotazama mwenye mali. Kabla ya kushika brashi unachovya kidole gumba, unabonyeza mahali palipojificha, chini ya mlango au nyuma ya kibati cha namba, unangoja ikauke, unaiona ilivyo. Gumba la kaka mtu lilikuwa na kovu la jiwe la kunolea, limepita katikati, kwa hiyo doa lake lilitoka limepasuka sehemu mbili kama punje ya kahawa. Alipochukuliwa jeshini alikuwa na miaka ishirini na minne, akaenda na brashi tatu kwenye begi. Aliandika barua moja. Alisema amepewa kofia za kikosi chake azipake, na anachanganya rangi na unga wa mbao ili chuma kisimeremete. "Kazi ni ileile," aliandika, "ila gari ndilo limekuwa dogo." Basi. Hakuna kilichofuata.

Mwaka wa pili alikuja mtu mwenye mavazi ya jeshi akasema kijana amekufa. Mama yao akalia, watu wakajaa, mikeka ikatandikwa. Miezi minane baadaye redio ikasoma majina ya mateka waliokuwa wakirudishwa, na jina lake likawamo. Mama akafagia uwanja, akafua shuka, akangoja. Siku mateka waliposhuka kwenye malori, mwenye jina lile alikuwa kijana mwingine, mwembamba, mwenye mama yake.

Tangu hapo mama hakutaka tena habari. "Nimemlia mtu nikaambiwa yu hai, nikamngoja nikaonyeshwa mwana wa mwenzangu," alisema. "Maneno ni upepo. Sitalia tena mpaka mniletee kitu cha kushika." Na tangu siku ile mlango wake haukufungwa komeo. Wezi waliingia mara mbili. Mama alisema afadhali wao, angalau wanaingia.

Sasa alikuwa amepita miaka themanini. Macho yalimwachia ukungu tu, na daktari alikuwa amemvuta Msasa pembeni akamwambia kuwa moyo wa mama umechoka, ni suala la miezi. Kwa hiyo Msasa aliharakisha. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu, akageuza kofia baada ya kofia, akapitisha kidole chini ya ukingo, pale nyuma ambapo mvaaji hapatazami. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepata tisa zenye doa lililopasuka. Nne alikwishazijua wenyewe, kwa majina yaliyokwaruzwa ndani, akazipeleka kwa jamaa zao. Mjane mmoja alimpokea kwa chai, alipoiona kofia akaifunika kwa kanga na kumwambia aondoke nayo. Ikarudi rafuni. Msasa hakumlaumu.

Lakini ipi ilikuwa ya kaka yake mwenyewe? Hakuna hata moja kati ya tisa iliyomwambia.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mama. Jumamosi moja alimkuta kwenye kizingiti cha jiko, amepakata chombo cha kunyweshea kuku, anakisugua kwa jivu. Lilikuwa bakuli zito la buluu, Msasa mwenyewe alimtengenezea zamani.

"Hili doa lako la humu ndani, mwanangu," mama alisema, "nalisugua tangu lini, halitoki. Fundi gani wewe?"

"Niletee siku moja nilipige msasa, mama."

"Utaliharibu. Kuku wamelizoea."

Jumamosi ileile mchana alikuwa na safari. Katika mojawapo ya zile tisa, chini ya mkanda wa ngozi, mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari neno JIKO. Msasa alikuwa ameuliza kwa askari wa zamani mwaka mzima, wakamwelekeza hatimaye kwa mzee mmoja, mlinzi wa ghala la saruji, aliyekuwa mpishi wa kikosi. Alimkuta ndani ya kibanda cha mabati getini, kope zake nyeupe kwa vumbi. Akaitoa kofia kwenye gunia, akaiweka mezani.

Mpishi aliitazama, akaigeuza, akainusa. "Hii nimeichemshia chai watu sita," akasema. "Meja akaniambia atanishtaki kwa kuharibu mali ya jeshi. Nikamwambia mkuu, kichwa changu chenyewe ni mali ya jeshi, na mnakiharibu kila siku."

Msasa akamuuliza nani aliipaka. Mpishi akasema ni kijana waliyemwita Rangi, jina la kwao hakupata kulijua. Jeshini jina ni lile unalopewa siku ya kwanza. Alipaka akiwa amekaa karibu na jiko, kwa sababu rangi ilikauka upesi penye moto. Alipaka kumi. Kikosi wakati ule kilikuwa kimebaki watu kumi.

"Nimepata tisa," Msasa akasema. "Zote zina doa ukingoni."

"Basi ya kumi ni yake mwenyewe. Na hiyo hutaipata kwa kutazama ukingoni." Mpishi aliweka kofia magotini. "Nilimuuliza, mbona yako huweki dole? Akaniambia baba yake alimfundisha aweke asipotazama mwenye mali, na sasa mwenye mali ni yeye. Akainua ile bitana ya ndani, akabonyeza utosini. Rangi zote tatu. Akasema, mtu hajioni utosi."

Ndipo Msasa alipomwambia kwamba Rangi alikuwa kaka yake, tumbo moja. Mpishi alivua kofia yake ya ulinzi. Kwa muda walisikiliza lori likishusha mifuko.

Aliyoyasema baadaye aliyasema akitazama sakafu. Walishambuliwa asubuhi penye mkunjo wa barabara, wakatawanyika. Siku ya tatu yeye alirudi na lori kukusanya maiti, akakuta wamekwisha kuzikwa, hajui na nani. Matuta saba ya udongo kando ya barabara, kila moja na kofia juu. Alizigeuza moja moja. Sita zilikuwa na dole ukingoni. Ya saba haikuwa nalo, akainua bitana.

"Ilikuwa na tundu," akasema. "Nyuma, juu kidogo ya kisogo. Kidole chako cha mwisho kinaingia."

Msasa akauliza, "Alikuwa anakimbia?"

"Sote tulikuwa tunakimbia, mdogo wangu. Mimi nilikimbia na sufuria mkononi. Sijui kwa nini sikuiacha."

Msasa akauliza makaburi yako wapi. Mpishi akasema barabara ilipanuliwa, wauza vyuma wakapita kwanza wakaokota kofia, kisha yakapita matingatinga. Sasa pale pana lami. "Lami nzuri tu," akasema.

Lakini Msasa alikuwa haisikii tena lami. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua goti, kikizunguka polepole, kama kinavyofanya mtu anapobonyeza fila, ile puti ya kuzibia mabonde ya gari, ndani ya tundu. Nyuma, juu kidogo ya kisogo. Alilijua tundu hilo. Alilijua kwa mkono.

Miaka kumi na moja nyuma, alipoanza kutafuta, kofia ya kwanza kabisa aliyoitoa kwenye rundo la chuma chakavu alipitisha kidole ukingoni akakuta hakuna kitu. Tena ilikuwa na tundu. Akaiona haina maana. Juma lile mama alikuwa ameomba chombo cha kuku kisichopinduka, kwa hiyo Msasa akaing'oa bitana akaitupa, akaziba tundu kwa fila, akaanza kusugua mabaka. Rangi ilimpa tabu. Unga wa mbao ulijaza msasa kila baada ya dakika mbili, na yeye, akitokwa jasho, akamtukana aliyeipaka, mjinga gani huyu anayetia takataka kwenye rangi. Nje aliisugua mpaka chuma kikawa kama kioo. Ndani hakusugua, ndani ya bakuli la kuku nani atatazama? Akapuliza juu juu buluu iliyobaki kwenye basi la shule. Miaka miwili baadaye, alipopata ya kwanza yenye dole na unga uleule ndani ya rangi, hakukumbuka. Bakuli la kuku lilikwisha kuwa bakuli la kuku.

Alimwachia mpishi kofia yake. Mzee alimsindikiza mpaka getini, akabaki ameikumbatia.

Jua lilikuwa bado juu Msasa alipofika kwa mama. Alisukuma mlango, akapita moja kwa moja uani. Bakuli lilikuwa juu ya matofali yake matatu. Alimwaga maji, kuku wakalalamika. Akaketi chini ukutani, akalowesha tambara kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, aliyokuja nayo kutoka kwenye gari, akaligusisha kwenye lile doa. Mkono uliozoea kusugua aliukataza kusugua. Aliweka tambara, akangoja, akaliinua. Buluu ilitoka kwanza pale ambapo mama alikuwa ameshailainisha kwa jivu la miaka yote ile. Chini yake kikaja kijani. Kando yake hudhurungi. Kando yake kijivu. Madoa matatu, na kila moja limepasuka katikati kama punje ya kahawa.

"Ni nani?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Ni wewe? Mbona umerudi, na mbona umenyamaza?"

Alikwenda akachuchumaa mbele yake. Akamwekea bakuli mapajani, akamshika mkono, akaliongoza gumba la mama mpaka kwenye doa la kwanza.

"Mama, huu si uchafu," akasema. "Ni dole gumba la kaka. Hii ni kofia yake. Ilikuwa juu ya kaburi."

Gumba la mama lilikaa kwenye kijani, likahamia kwenye hudhurungi, likahamia kwenye kijivu, likarudi. Ukucha ukaupata mstari wa kovu, ukaufuata juu na chini. Jeraha lile alilifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa, kijana akiwa na miaka kumi na mitatu.

"Hili bakuli nimelishika miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi, mama."

Msasa akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akamwambia kuwa palikuwa na tundu, pale nyuma, na kwamba yeye ndiye aliyeliziba. Akamwambia kuwa aliyafuta mabaka ya kaka yake kwa mkono wake, na akamtukana huku akiyafuta.

Mama alipapasa upande wa nje mpaka akafika nyuma. Alitafuta tundu kwa ncha za vidole, hakulipata. Palikuwa laini kama sehemu nyingine zote.

"Uliziba vizuri," akasema. "Halijavuja hata siku moja."

Kisha akaliinamia bakuli, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayetapika, kidogo kidogo, mabega yakipanda na kushuka, na Msasa akakaa sakafuni akimshika miguu kwa kuwa hakujua ashike nini kingine. Uani kuku walikuja wakazunguka matofali matatu, wakaondoka, wakarudi.

Kivuli cha ukuta kilipofika kizingitini, mama alijifuta uso kwa kiganja.

"Nenda kafunge mlango," akasema.

"Upi, mama?"

"Wa mbele. Funga komeo."

Msasa akaenda. Komeo halikuwa limesogezwa kwa miaka thelathini, na kutu ilikuwa imeligandisha kwenye pete zake. Akatoa kipande cha msasa mfukoni, akakiangalia, akakirudisha. Akaegemeza kiganja, akalisukuma kwa uzito wake wote, mpaka likaingia pamoja na ngozi ya mkono wake.