Kijana wa Baba

Nilimwamkia baba asubuhi ile, na badala ya marahaba nikapewa kesi.

"Umemfanya nini Kijana?"

Kijana ni kware. Naomba hilo lieleweke mapema, maana wateja wetu wengi wamewahi kumsikia baba akiuliza, "Kijana amekula?" wakadhani nina mdogo wangu wa kiume huko ndani. Sina. Nina baba, nina meza ya kutengenezea saa, na nina ndege mdogo wa kahawia anayelala kwenye kasha lililotandikwa blanketi, wakati godoro langu limebonyea katikati tangu mama yu hai.

Shangazi ndiye aliyemleta, baada ya msiba wa mama. "Nimekuletea mwanamume mwenzio," alimwambia kaka yake, "usije ukazidiwa na wanawake humu ndani." Wanawake wenyewe ni mimi mmoja. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kuanzia hapo neno la shangazi likawa sheria: Kijana ni dume.

Nilimwonyesha kifua cha Kijana kilivyojaa madoadoa. Nikamwambia kuwa muuza chakula cha mifugo kanieleza kwamba kware dume kifua chake huwa chekundu, hakina doa. Akasema muuza chakula auze chakula. Nilipouliza mbona hawiki, akasema bado hajabalehe. Nilipoleta chakula cha kuku wa mayai, aliurudisha dukani mfuko mzima, kwa mguu, na magoti yake yale. "Dume ale chakula cha mayai ili iweje?" Kijana akaendelea na biskuti iliyolowekwa kwenye chai.

Ndivyo baba alivyo. Kazi ya saa amenifundisha yeye, tangu sijafika kimo cha meza. Mikono yake ilipoanza kutetemeka alinikabidhi kiti, kibano na taa, ila kazi yenyewe hakunikabidhi. Kila saa ninayoimaliza huifungua tena kabla mteja hajaichukua. Anavaa lenzi yake jichoni, anang'oa mfuniko wa nyuma, anachungulia, anaguna, anafunga. Hajawahi kukuta kosa. Wala hajawahi kusema kwamba hajakuta. Wateja wameshazoea kusubiri, wengine huona ni heshima. Mimi sijazoea. Nikisikia mfuniko ule unabanduka, damu inanichemka.

Basi asubuhi hiyo Kijana alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kasha, manyoya yamemvimba, macho nusu. Kila akivuta pumzi mkia wake ulipanda na kushuka. Biskuti yake haikuguswa. Nikageuka nikaona na chai ya baba haikuguswa, imeshafanya utando juu.

Hapo nikaogopa, na sikumwogopea ndege. Mama alipofariki, baba alikaa akiutazama ukuta, anakula pale tu nikimbembeleza kama mtoto. Nguo zote zilikuwa zinampwaya. Huyu kware ndiye aliyemrudisha mezani, kwa sababu alitaka kula pamoja naye. Akifa Kijana, nilijua ni nani atakayefuata.

Nikampigia daktari wa mifugo, nikaweka simu kwa sauti ili baba asikie.

"Ni dume au jike?" daktari akauliza.

"Nadhani ni..."

"Dume!" baba akadakia. "Dume kabisa, daktari. Nimemlea mwenyewe."

Kwa maelezo hayo daktari akasema huenda ni kifua. Akatutajia dawa ya kuchanganya kwenye maji. Nilitoka mbio kuinunua, nikarudi nikiwa nahema, na baba akaninyang'anya chupa mlangoni. Alimnywesha mwenyewe, tone moja mdomoni, matano kwenye blanketi.

Mchana wote ulikuwa wa makosa yangu. Feni yangu inamletea baridi. Nikaizima, nikatota jasho. Benzini ninayosafishia vipuri inamuumiza mapafu. Nikahamishia kazi barazani, upepo ukanipeperushia skrubu moja ndogo kama punje ya mchanga, nikaitafuta nikiwa nimepiga magoti huku wapita njia wakiniuliza nimepoteza nini. Akili, nikawajibu. Na saa yenyewe ilikuwa ya mwalimu mkuu, aliyekuwa ameahidi kuipitia jioni ile ile.

"Punguza kugonga!" baba akaniita kutoka ndani.

"Saa haigongwi, baba!"

"Basi punguza kujibu!"

Kijana hakupata nafuu. Baba alipokwenda kuoga, kwa kulazimishwa, niliinama kwenye kasha nikamtazama kwa mara ya kwanza bila mtu kunipumulia shingoni. Alikuwa amesimama wima, miguu imeachana, anajikaza, anapumzika, anajikaza tena. Kwa kifua gani hicho? Nikampakata. Vidole vyangu vimezoea kutafuta vitu visivyoonekana, na chini ya tumbo lake vikagusa kitu kigumu, cha mviringo, kimekaa pale kama kizibo.

Nikampigia daktari tena, safari hii nikiwa nimejibanza jikoni.

"Hilo ni yai limekwama," akasema. "Lakini si mlisema ni dume?"

"Alisema baba."

"Na analishwa nini?"

Nilipomtajia biskuti na chai, akanipa maelekezo taratibu. Maji ya uvuguvugu, tumbo lizame, kichwa kibaki juu. Mafuta kidogo pale pa kutokea. Joto na utulivu. "Usimbane hata kidogo," akasisitiza. "Likipasukia ndani, umempoteza."

Baba akatoka bafuni, taulo begani, akanikuta na ndege wake kwenye beseni.

"Unamuua!"

"Ana yai, baba. Limekwama."

"Yai la nani? Dume anapata wapi yai?"

"Si dume! Hajawahi kuwa dume!"

"Nipe mimi. Lete hapa, nimwangalie." Akanyoosha mkono ule ule anaonyooshea saa zangu, mkono unaotetemeka, na kitu ndani yangu kikakatika.

"Sikupi," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Kila saa niliyotengeneza umeifungua. Kila moja! Leo niache nimalize kitu kimoja bila kuchunguliwa. Kama huwezi, toka nje."

Sijawahi kumwambia baba toka. Alinitazama kama vile ukuta umemjibu. Kisha akaniacha pale, akaondoka akiburuta kandambili, na mimi nikabaki na beseni, machozi ya hasira yakinichuruzika hadi kidevuni, mikono imebanwa siwezi hata kujifuta. Kijana alikuwa ameegemea kiganja changu, moyo wake ukienda kasi kuliko saa yoyote niliyowahi kuisikiliza.

Kandambili zikarudi. Baba alikuwa amebeba taa ya mezani, ile ya kazi. Akaichomeka, akaielekeza kwa ndege ili apate joto, akaishikilia. Mwanga ulitetemeka ukutani kwa sababu ya mikono yake. Maji yalipoanza kupoa, akaenda mwenyewe akaleta birika.

Tulikaa hivyo mpaka mapaja yakanifa ganzi. Halafu Kijana akajikaza mwili mzima, akafumba macho, na yai likaangukia kiganjani mwangu, dogo, lina madoa, limepakwa damu kidogo. Nililigusa kwa kidole, ganda likabonyea.

Nilimfuta, nikamlaza kwenye blanketi kavu chini ya taa. Baada ya kitambo akanyanyua kichwa, akanywa maji.

Baba akachukua yai. Akavaa lenzi, akaligeuza huku na huku, akaguna.

"Ganda jembamba," akasema. "Hakulishwa vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. "Ni nani aliyerudisha mfuko dukani, baba?"

Alivua lenzi, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko inavyohitaji lenzi yoyote. Nilingoja. Nilitaka pole, au asante, au hata samahani ya kujikohoza tu. Akaenda kupasha chai yake. Akainywa. Nilimshukuru Mungu kwa ile chai, na bado ningeweza kumrushia beseni.

Mwalimu mkuu aliingia nikiwa ndiyo kwanza nafunga mfuniko wa saa yake. Baba tayari alikuwa kwenye kiti chake karibu na kaunta, mkono umenyooshwa. Nikampa saa bila kumtazama. Nilikuwa nimechoka hata kuchemka.

Akaweka lenzi jichoni. Akaigeuza saa. Akaisogeza sikioni, akaisikiliza, kichwa kimeinama upande wa kasha la Kijana. Nikasubiri mfuniko ubanduke.

Akavua lenzi, akamkabidhi mwalimu saa yake.

"Leo huifungui, mzee?" mwalimu akashangaa.

"Ya nini? Ametengeneza binti yangu."

Mwalimu akaivaa, akaaga. Mimi nilikuwa bado nimesimama na bisibisi mkononi.

"Na wewe unasubiri nini hapo?" baba akanifokea. "Nenda kalete ule mfuko wa chakula kabla hawajafunga duka. Mtoto wa watu ana njaa."

Nikaenda. Nilitembea haraka, nikilia waziwazi mbele za watu, na si kwa furaha tu. Miaka yote hiyo, saa zote zile, na imebidi kware atage yai.