Mbwa Aliyetoka Kihesa

Kaka yake Jailos alipofariki kule Kihesa, Iringa, ndugu waligawana vyombo vyote, majembe na mablanketi, akabaki mbwa. Alikuwa mbwa mzima, rangi ya majivu, jina lake Watasema. Miaka yake yote alikuwa ameishi kwenye mnyororo nyuma ya ghala la tumbaku alilokuwa akililinda marehemu. Hakuna aliyemtaka. Jailos naye hakumtaka. Ni mkewe, Tusekile, aliyemkuta amejikunyata nyuma ya pipa la maji, akitetemeka.

“Huyu twende naye, Baba Ikupa. Hapa atakufa.”

Kwao ilikuwa juu ya mji wa Mbeya, chini ya mlima Loleza, na siku zile mbwa hakulazwa nje huko. Chui alishuka kutoka msituni, na kitu cha kwanza alichowinda ni mbwa. Basi Watasema akalala ndani, na shida ikaanza hapo, kwa maana hakujua kuwa nyumba si mahali pa kukojolea. Alikojoa jikoni, akakojoa mlangoni, akakojolea mbao za mninga ambazo Jailos, fundi seremala, alikuwa amezipanga tayari kwa kabati la padri.

“Msugue pua humohumo,” Jailos alifoka. “Ndivyo wanavyofundishwa.”

“Kafundishwa na nani mpaka akosee?” Tusekile akajibu, akafuta kwa majivu.

Kila mbwa alipomaliza kula, na kila alipoamka, Tusekile alimtoa nyuma ya migomba. Alisimama naye kimya hata manyunyu yakinyesha. Mbwa akijisaidia, alimsifu kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, akampa kipande cha kiazi. Akikosea ndani, hakusema neno. Mahindi yalipoanza kukomaa, Watasema alikuwa akienda mwenyewe mlangoni, anasimama, anageuza shingo kuwatazama.

Kamba ilikuwa kazi nzito zaidi. Ikimgusa tu shingoni, alilala chali kama aliyekufa. Tusekile alimfunga kipande chepesi, akamwacha akiburute uani wakati wa kula mpaka akakisahau. Baadaye akaishika ncha bila kuvuta. Mbwa akisimama, naye alisimama, akachuchumaa na kutazama pembeni, akangoja. Majirani walicheka, wakasema Mama Ikupa ndiye anayefugwa. Lakini polepole wawili hao wakaanza kwenda mtoni pamoja, kamba ikining’inia katikati yao.

Kwa Jailos mbwa hakusogea. Ila jioni moja, Jailos akinoa msumeno, alihisi kitu cha moto juu ya mguu wake. Watasema alikuwa ameweka kidevu pale. Jailos aliacha kunoa, akakaa vilevile mpaka mguu ukafa ganzi. Hakumwambia mtu, ila usiku ule alikula kwa furaha asiyoijua ilikotoka.

Kisha zikaja habari za kichaa cha mbwa. Bwana mifugo akatangaza kuwa mbwa wote wapelekwe sokoni kuchomwa sindano, kila mmoja na kamba yake. Siku hiyohiyo Tusekile alikuwa na msiba kwao Tukuyu.

“Akisimama usimvute,” alimwambia mumewe akijifunga kanga. “Mbebe.”

“Nimbebe mbwa mjini?”

“Mbebe. Si mzito.”

Njiani walikwenda vizuri. Walipofika sokoni, penye malori na watu na mbwa wengine wakibweka, Watasema alilala chini. Jailos alichuchumaa kama alivyomwona mkewe akifanya. Wanaume wa kanisani kwake walikuwa wamesimama kando, na mmoja wao, Fanueli, akapaza sauti: “Mzee, huyo mbwa au mgonjwa? Mletee machela!”

Wakacheka wote. Jailos alihisi uso unawaka. Angeinama tu amwinue, yangekwisha. Badala yake aliinuka, akavuta. Mbwa aliburuzika vumbini, akalia. Jailos akakunja ncha ya kamba, akampiga nayo mgongoni, mara moja, kisha tena. Mbwa alijivuta kinyumenyume, kichwa kikachomoka kwenye kitanzi, akapotea katikati ya malori.

Alimtafuta mpaka jua likazama. Tusekile aliporudi kutoka msibani, aliiona kamba mkononi mwa mumewe, hakuuliza.

Mwaka uliofuata Jailos aliitwa Rujewa kutengeneza milango ya kinu cha mpunga. Asubuhi ya kwanza alimwona mlinzi wa kinu, mzee Kalinga, anapita na mbwa wa rangi ya majivu. Kamba ilikuwa imelegea. Mbwa alitembea mkia juu.

“Watasema!” Jailos aliita kabla hajafikiri.

Mbwa aligeuka. Mkia ukashuka, akajibana nyuma ya miguu ya mzee, na mkojo ukamtoka palepale.

“He!” Kalinga alishangaa. “Huyu hafanyi hivi. Alishuka na lori la Mbeya, kajificha chini ya turubai, nikamwokota. Mwoga, lakini hajawahi kufanya hivi. Unamjua?”

Jailos alitazama ule unyevu mchangani.

“Hapana,” alisema. “Nimemfananisha.”

Kwa siku zote alizofanya kazi pale alizunguka nyuma ya kinu ili wasikutane. Aliporudi nyumbani alimweleza Tusekile kila kitu, na kicheko cha wale wanaume, na kipigo ambacho hakuwahi kukitaja.

Tusekile aliacha kuchambua maharage.

“Amenenepa?”

“Amenenepa.”

“Basi vizuri.” Akainua macho. “Nilikuambia si mzito.”

“Uliniambia.”

Tusekile akaendelea na maharage yake. Jailos alibaki amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke, akitamani mkewe angemgombeza.