Joto la Uongo Kwenye Tangi la Maziwa

Fundi wa vipimo alipofika kiwanda cha maziwa asubuhi ile, kilichompokea kwanza ni harufu. Maziwa yaliyomwagika yalikuwa yamelala kwenye mifereji ya sakafu hadi yakageuka uteute wa kijivu. Alijifunga leso puani, akaingia. Kazi ni kazi.

Meneja alimweleza shida yake. Kwa wiki tatu wateja walikuwa wakirudisha pakiti. Maziwa yanaganda siku hiyohiyo, na mama mmoja alikuwa amepeleka wanawe wawili zahanati kwa kuhara. Lakini joto la kuchemshia, meneja alishikilia, halikuwa na kasoro. Alimwonyesha skrini: nyuzi sabini na mbili, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi. Zamani ulikuwa ukirukaruka kama chura, alisema, mpaka fundi wao akautuliza.

Fundi huyo wa kiwanda alikuwa mjomba wa huyu wa vipimo. Mjini kote walimwita Koleo, na ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui chanya wala hasi. Kwa hiyo alipoutazama mstari ule, hakutaka kuamini kilichomjia akilini. Joto la kweli hupumua; hupanda kidogo, hushuka kidogo. Akaomba mvuke unaolipasha tangi moto ufungwe. Baada ya nusu saa tangi lilikuwa limepoa kiasi cha kuliwekea kiganja, na skrini bado inasema sabini na mbili.

Akafungua kisanduku cha kipimo. Waya zilizotoka kwenye kipimajoto zilikuwa zimekatwa na kukunjwa kando. Mahali pake palikuwa na resista moja, kizuizi cha umeme kidogo kama punje ya mchele, kinachoiambia skrini namba ileile daima. Huo ndio uliokuwa moto wao, usiku na mchana.

Aliitoa, akaziunga waya za kweli. Skrini ikapagawa: sitini, themanini na tano, hamsini na nane. Akaomba pampu izimwe, namba zikatulia. Ikawashwa, zikaanza tena. Basi kelele, yaani umeme mchafu unaovuruga namba, ilitoka kwenye mota ya pampu, na ilikuwa na njia yake ya kuingilia. Akapanda ngazi kuifuata.

Njia aliikuta juu ya dari, ndani ya mfereji wa bati. Waya nyembamba za kipimo zilikuwa zimelazwa ubavuni mwa waya nene za mota, mita ishirini nzima, kama mtoto aliyelazwa kitanda kimoja na mlevi anayekoroma. Hazikusokotwa pamoja. Wavu wa shaba unaozikinga ulikuwa umefungwa ardhini pande zote mbili, hivyo umeme mchafu ukapata barabara ya kwenda na kurudi. Na juu ya yote hayo palikuwa na kiota cha panya, vinyesi, na panya mmoja aliyeoza, funza wakimchezea tumboni. Alishuka ngazi mbio, akatapikia kwenye ndoo.

Mjomba alifika mchana, ameitwa na meneja. Aliamkiwa, akaitikia, kisha akamvuta mpwa wake pembeni. Wala hakukana. Alisema mfereji ule unanuka, mgongo unamuuma, na meneja alikuwa akimpigia simu kila saa kuhusu zile namba.

"Kelele ilikuwa inawasumbua, mwanangu. Nikainyamazisha."

"Hukunyamazisha kelele, Mjomba. Umenyamazisha kipimo."

"Andika waya zimeliwa na panya. Nani atakuuliza?"

Akamwekea mkono begani. Ulikuwa mkono uleule uliomwonyesha namna ya kuchuna waya bila kuujeruhi, na leo ulimsisimua mwili kama kaguswa na kile alichokiona darini. Akajitoa chini yake.

Siku mbili alifanya kazi peke yake. Alipitisha waya mpya ukuta wa pili, mbali na mota. Jozi iliyosokotwa vizuri, wavu wake umefungwa ardhini upande mmoja tu, upande wa skrini. Palipobidi kukatiza waya za umeme, alizikatiza kimsalaba, asizilaze sambamba. Mvuke ukafunguliwa, pampu ikawashwa. Namba zikatulia, zikipumua taratibu, kwenye sitini na moja. Moto ulikuwa haufiki. Vali inayopitisha mvuke ilikuwa imechoka, na hakuna aliyejua.

Meneja akakuna kidevu, akauliza kama yaliyomo tangini hayawezi kuuzwa kama mtindi. Fundi alimtazama hadi meneja akainamisha macho. Alimwambia achague: ayamwage mbele yake sasa hivi, au wakaguzi wa afya wayakute. Yakamwagwa. Kisha ripoti akaiandika kama ilivyokuwa, resista na yote, nakala akaipeleka zahanati kwa mkono wake.

Koleo alifutwa kazi wiki hiyohiyo. Nyumbani kwa fundi wa vipimo, mama yake, dada wa Koleo, alimkumbusha kwamba mjomba ni mama, na kwamba watu hawatukani wakunga na uzazi ungalipo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba hakumtukana mtu, kaandika alichokiona. Mama akammiminia chai ya maziwa kama kawaida. Aliisogeza kando, akaomba ya rangi.