Kwenye Kona ya Ghala

"Amenikatia tena," Mama alisema, akamenya kiazi kwa hasira mpaka kikabaki kidogo kuliko maganda yake. "Nimembeba mgongoni huyo, leo ananikatia simu!"

Huyo ni Mama Mdogo, ndugu yake wa pekee. Kila jioni akitoka kazini humpigia dada yake huku akitembea. Wabishane kidogo, wacheke kidogo, siku iishe. Sasa mazungumzo yalikuwa yakikatika katikati, na Mama aliapa kwamba hukatika pale tu anapoanza kumsema mdogo wake.

"Simu ikikatika, anakuwa amefika wapi?" binti yake aliuliza. Nyumbani walimwita Injinia, nusu kwa sifa, nusu kwa kumtania.

"Nitajuaje mimi? Pale kwenye ghala, nadhani. Nasikia malori, halafu kimya."

Injinia, aliyekuwa akimsaidia kumenya, aliweka kisu chini.

Ghala lile alilijua vizuri. Minara ya simu ya upande wa huku imetengenezwa na kampuni moja, ya upande wa pili na kampuni nyingine. Kazini, katika chumba cha majaribio, waliziita Bluu na Kijivu kwa rangi za makabati ya mitambo yao. Kazi ya Injinia ilikuwa kuhakikisha mtu anayetembea akiongea anatoka kwa Bluu na kupokewa na Kijivu bila hata kujua. Simu ya majaribio yenyewe haitembei. Imefungiwa ndani ya sanduku la chuma, na mpimaji ndiye anayeitembeza kwa kuzungusha swichi mbili: moja inafifisha mawimbi ya Bluu, nyingine inayapandisha ya Kijivu.

Akizungusha taratibu, simu inavuka salama. Akizungusha ghafla, kama mtu anayekata kona ya jengo kubwa, simu inakufa. Siku ya jaribio, mtu wa Bluu alisema kosa ni la Kijivu. Mtu wa Kijivu alicheka kwa dharau, akasema Bluu hawajui kusoma kitabu cha maelekezo. Walivutana mpaka Injinia akawachoka, na bosi naye kila mara alikuwa akichungulia mlangoni. Basi akazungusha taratibu, taratibu kabisa, kwa mkono wa kubembeleza mtoto. Simu ikavuka. Akaandika: imefaulu. Sijadanganya, alijiambia. Na kweli hakudanganya. Alifanya baya zaidi, alichagua ukweli unaomfaa akaenda nyumbani mapema.

"Labda ni mtandao, Mama," alisema sasa, uso umemwiva kwa aibu.

"Mtandao una masikio? Unajuaje kwamba zamu yangu ya kusema imefika?"

Injinia akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Asubuhi iliyofuata alimfuata bosi. "Ile simu ya kuvuka, nilizungusha polepole makusudi. Ukizungusha haraka inakatika."

"Na mimi nimeshawaambia wakubwa imefaulu! Unataka uso wangu niuweke wapi?"

"Uweke pamoja na wangu."

Bosi alifoka mpaka akaishiwa pumzi, kisha akawaita watu wa Bluu na Kijivu. Injinia alizungusha ghafla mbele yao, simu ikafa. Akarudia, ikafa. Ikaonekana Kijivu huchelewa kidogo kuitika, na Bluu hana subira ya kumngoja. Kila mmoja alikuwa amefuata kitabu chake sawasawa. Waligombana tena, lakini safari hii Injinia aliwakalia kooni mpaka Bluu wakakubali kungoja, na minara ikarekebishwa. Kisha akaenda mwenyewe kwenye ghala, akaikata kona mbio huku akiongea na mwenzake wa kazini, wapakiaji wa malori wakamcheka mpaka basi. Simu haikukatika.

Alifika kwa Mama angali anahema.

"Mama Mdogo hajakukatia simu hata siku moja," alisema. "Ni mimi. Kosa lilikuwa langu, kazini." Akamweleza yote, mpaka ule mkono wa taratibu. Alitegemea kugombezwa, kusema kweli, alikuwa anautamani ugomvi huo. "Sasa imepona. Mpigie."

Akamnyooshea simu. Mama hakuipokea.

"Juzi nilimpigia," Mama alisema. "Nilikuwa nimekasirika sana. Nilikaa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Yeye alikuwa kwake, nilikuwa naisikia redio yake."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba bibi yako alikufa kwa sababu yake. Kwamba angewahi kumpeleka hospitali, tungekuwa naye leo."

Injinia alijisikia vibaya mno, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake.

"Labda na hiyo ilikatika, Mama. Labda hakusikia."

"Ilikuwa safi kabisa, mwanangu. Alinisubiri nikamaliza yote. Halafu akasema, 'Sawa, dada.'"