Marehemu Ana Kazi

Anonciata alikuwa barazani kwake Bugene akimenya ndizi, mdadisi wa serikali wa takwimu za ajira alipofika kwa bodaboda. Mumewe Placidius, aliyezikwa mwaka juzi nyuma ya nyumba, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisubiri chakula, kama kila mchana. Udongo ulimdondoka masikioni, ukaangukia sakafu iliyotoka kufagiliwa. Pembeni, Kaijage, shemeji wa Anonciata, alikuwa akinywa rubisi, pombe ya ndizi.

"Shikamoo mama. Shikamooni akina baba," alisema mdadisi, binti wa Bukoba aitwaye Noela, akafungua kishikwambi. "Mama, siku saba zilizopita umefanya kazi gani?"

"Nimepalilia kibanja, nimepunguza majani ya migomba, nimeteka maji, nimelisha nguruwe."

"Ndizi ni za kuuza?"

"Za kula."

"Basi hiyo hatuihesabu kuwa ajira. Na kahawa?"

"Msimu bado. Halafu kahawa ni ya mzee."

Noela akamgeukia mzee. "Baba, wiki hii umeishughulikia kahawa yako?"

"Hapana. Nimekufa."

"Utarudi kazini?"

Placidius akachungulia sufuria. "Nikishiba."

Noela akabonyeza: ana kazi, hayupo kazini kwa muda. Naye Anonciata akaandikwa nje ya nguvukazi. Binti hakuwa mtu mbaya. Alikula sahani mbili, akashukuru, akaondoka.

Jumapili ukoo ulikaa kuamua kibanja, lile shamba la migomba na kahawa, kibaki na nani.

"Ardhi ni ya anayeifanyia kazi," alisema Kaijage huku akicheua. Jembe lenyewe yeye hulishika akitaka kuliegemea. "Shemeji kahesabiwa mbele yangu. Hana kazi. Mwenye kazi ni kaka."

"Na hii mikono?" aliuliza Anonciata.

Marehemu alipoulizwa, alisema mkewe ni mwema ila Kaijage amesema kweli. Inatia kinyaa kusimulia, lakini alisema hivyo kinywa kikiwa kimejaa ndizi alizopikiwa na mkewe.

Kaijage akapewa kibanja amshikie kaka yake mpaka arudi kazini. Anonciata akaambiwa arudi kwao Rugu.

"Sasa mimi nani atanipikia?" aliuliza marehemu.

Wazee wakaona ana hoja. Wakaamua mama abaki, maadamu kupika si kazi.

Kesho yake Anonciata aliamka mapema akapalilia kibanja cha Kaijage. Mchana marehemu alikuja, akajipangusa udongo mdomoni, akauliza mbona chakula kimechelewa.