Droo ya Mtaa wa Pemba

…hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, na hapo bado hajapekua, Severa alisimama mbele ya kabati la kadi za kaya, kikaratasi cha Bi Mauza, wa kwanza kwenye foleni, kimelowa jasho kiganjani, Mtaa wa Pemba, nyumba namba kumi na saba, sasa saa tano na dakika kumi, saa sita kamili dirisha la ugawaji linafungwa, na asiyegongewa muhuri leo hana unga wiki nzima, amevihesabu vichwa vya foleni mara mbili, thelathini na wanane, kila kichwa dakika nne, maana yake kumi na wawili watapata, na ishirini na sita… “Binti, kadi inatafutwa au ndiyo kwanza inachapwa?” sauti ya Bi Mauza huyo, foleni ikacheka, mama wa watu amesimama tangu alfajiri, ana haki, naye Polycarp, karani mwenzake, hakuinua hata macho, “Msomi wetu huyo, mama, Mlimani hawafundishi vidole,” vidole, ndiyo, wiki mbili hizi ameamini ni vidole, usiku anajizoeza kwa karata za kaka yake mpaka kucha zinauma, kumbe kupekua ni nusu dakika, leo amepima kwa saa ya ukutani, nusu dakika, zilizobaki zote ni miguu, ni kwenda na kurudi, kisha kwenda tena kuirudisha kadi, ni droo hii nzito ya Pemba inayokwama, aliyoivuta mara saba tangu asubuhi kwa watu saba… mama yake kule Kibosho aliwahi kumrudisha kutoka mlangoni, “Unakwenda mgombani kwa ndizi moja? Uliza kwanza nyumba nzima inataka nini,” basi achukue vikaratasi vyote, avipange kwa mitaa, kila droo aivute mara moja tu, kadi zote ziwe mezani ndani ya dakika ishirini, kisha awaite kwa foleni ileile… lakini nani atampa? karatasi ikishapita ndani ya wavu wa dirisha, nani anajua inalala wapi, kila mtu hapa ana habari ya shemeji wa fulani aliyepita mlango wa nyuma, na Bi Mauza atangoja zaidi ili wa mwisho apate, atapiga kelele, watapiga kelele wote… na ni kelele tu, basi, hizo alizokuwa akiziogopa? kelele, na upande wa pili masufuria matupu ishirini na sita… akaifunga droo bila kutoa kadi, akarudi, akaandika namba moja kubwa juu ya kikaratasi, akakiinua wavuni, “Kadi yangu?” “Bado, Bi Mauza. Nipeni vyote kwa pamoja, naviandika namba mbele ya macho yenu, wa kwanza ni wewe.” “Yaani wa kwanza amngoje wa mwisho? Huo ujamaa wa wapi, mwanangu?” “Wa hapa, mama,” akanyoosha kiganja chini ya wavu kwa mtu wa pili, fundi wa mtaa wa Gerezani mwenye vidole vya grisi, fundi akakitazama kiganja, akamtazama Bi Mauza, hakutoa kikaratasi chake, bado, na Severa akakiacha kiganja palepale, wazi…