Nimtoe Nakiete, Niweke Pazia

Usiku wa jana niliota niko kazini, ila kazi yenyewe ilikuwa ndani ya picha, na mlangoni mwa picha muhuri alikuwa amekaa kwenye stuli kama mlinzi.

Nianze na mchana wake. Mimi naitwa Mwajabu, nina studio ya picha hapa Same mjini. Jana alikuja Mzee Mfinanga na picha ya familia kwenye simu. Yeye kakaa kitini katikati, mkewe kulia kwake, na kushoto kwake binti yao wa pekee, Nakiete, kavaa gauni la kijani. Nyuma yao pazia la maua.

"Fundi, huyu wa kijani mtoe," aliniambia.

"Nimtoe nimpeleke wapi, mzee?"

"Mtoe tu. Kaolewa Babati bila kuniambia. Yeye ndiye aliyeanza kunitoa."

Kwenye kompyuta kazi hiyo haina uchungu. Kuna muhuri wa kunakili: unachota kipande cha pazia, unakigonga juu ya mtu, unachota tena, unagonga tena, mpaka mtu anakuwa pazia. Nilimwambia nitaianza kesho asubuhi, nikafunga studio nikaenda zangu nyumbani.

Sasa, ndotoni, niko mlangoni mwa picha, na muhuri ananihoji.

"Unatoa nini, unaweka nini?"

"Natoa binti, naweka pazia."

"Pazia umeliuliza?"

Naliuliza. Pazia linasema halina neno, ila nisilitegemee kwa shughuli za ukoo, kwa sababu lenyewe linajua kuning'inia tu.

Nikaanza kugonga. Gauni likawa maua. Mikono ikawa maua. Nilipofika shingoni Nakiete alinitazama kwa adabu.

"Dada, uso umalize haraka. Nimeacha maharage jikoni."

Nikaumaliza.

Hapo mama yake akanigeukia. "Fundi, mimi naitwa nani?"

Nilitaka kusema Mama Nakiete, maana miaka ishirini na sita Same nzima inamwita hivyo. Kinywani mwangu likatoka "Mama," halafu pumzi tupu. Nikajaribu tena. Pumzi.

Mara tuko kwenye dirisha la ofisi, na karani anapekua daftari la majina. Mzee Mfinanga amesimama mbele yangu na kiti chake mkononi.

"Hapa imeandikwa Baba, halafu pazia," anasema karani. "Nikuite Baba Pazia?"

"Mimi ni baba wa mtu!"

"Mtu gani, mzee?"

Mzee akafungua kinywa. Pumzi ikatoka, karani akaigonga muhuri wa ofisi, akaita anayefuata.

"Basi hiyo nafasi nijaze mimi!" mzee akanifokea. "Siwezi kupakana na pazia."

Mteja ni mteja. Nikamnakili. Wakawa wawili, wakagombea kiti. Nikaongeza wa tatu awaamue, naye akadai kiti ni chake. Nilipoacha walikuwa tisa, wote wamevaa koti lile lile, wote wanaagiza chai, na hakuna wa kuinuka.

Mama yake Nakiete hakuagiza kitu. Aliinama, akashika pembe ya picha kama mtu anayekunja mkeka, akaiinua. Sisi mafundi tunazipanga picha kwa matabaka, karatasi juu ya karatasi, ili kosa la juu lisiharibu la chini. Nikafurahi. Nilijua Nakiete yuko chini, mzima.

Alikuwepo. Kakaa, gauni lake la kijani, mikono mapajani. Uso hakuwa nao.

"Uso umeugonga kwenye tabaka la chini," alisema muhuri. "Kosa la mwanafunzi, na wewe una miaka kumi kazini."

Nikamgeukia muhuri. "Mrudishe."

"Nimrudishe kutoka wapi? Mimi sibuni. Mimi nahamisha."

"Chota kwangu," mama yake alisema. Akafunga macho, akanisogezea uso.

Nikachota. Macho yalikubali. Pua ikakubali, na kidevu. Hata kile kimstari cha katikati ya nyusi kilikaa mahali pake kama kimerudi nyumbani. Sikio la kulia nililikuta zima. La kushoto halikuwepo, na masikio ya mama yake ni madogo. Nakiete ana masikio mapana, na kila mtu Same anajua ameyatoa wapi.

Wazee tisa wakaacha kuagiza chai. Wanane walitazama viatu vyao wakafifia. Akabaki mmoja.

"Sikio unalichota tu, au unaondoka nalo?" aliniuliza.

Muhuri ndiye aliyejibu. "Pazia linanakiliwa, mzee. Sikio la mzazi linatolewa."

Mzee akafikiri, akipapasa masikio yote mawili. Mkewe hakumsaidia kufikiri.

"Chukua la kushoto," alisema hatimaye, akavua kofia. "La kulia nalihitaji kwa taarifa ya habari."

Nikagonga mara moja. Nakiete akageuza shingo.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakusikia, kwa sababu binti alikuwa upande wa kushoto. Nakiete akainuka, akazunguka kiti, akapiga goti upande wa kulia, akarudia.

"Marahaba, Nakiete," alisema mzee, na jina likatoka lote.

Nikaamshwa na simu. Jua lilikuwa dirishani. Alikuwa Mzee Mfinanga.

"Fundi, ile picha umeshaigusa?"

"Bado, mzee."

"Usiiguse. Nitolee kubwa, hivyo hivyo ilivyo. Nitolee mbili. Moja itakwenda Babati." Nikasikia simu ikikwaruza, kama anaihamishia sikio la pili.

"Sawa, mzee. Hiyo ya Babati niiwekee fremu?"

Kimya.

"Mzee?"

"Rudia, mwanangu. Ngoja kwanza nirudishe simu kulia. Hili la kushoto tangu niamke halinisikilizi kabisa."